Chama chetu kimegawanyika kuhusu hisa za kiwanda cha dawa cha Luzira: tuuze au tukae?

Swali: Chama chetu cha uwekezaji hapa Kisumu kilinunua hisa za kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala (Quality Chemical Industries), zilipouzwa kwa umma mwaka 2018. Sasa tumegawanyika. Upande mmoja unasema tuuze, kwa sababu Marekani imekata misaada na kiwanda kinachoishi kwa dawa za UKIMWI hakina faida tena mbele yake. Upande wa pili unasema tukae, hata tuongeze, kwa kuwa ugonjwa haujaisha na dawa lazima zinunuliwe. Mimi ni mweka hazina na nimepewa mwezi mmoja nilete hoja mezani. Tutajuaje kama faida ya kampuni hii ni ya kudumu?

Jibu: Mweka hazina, mabishano ya chama chenu ni yale yale ninayoyasikia karibu kila ninapokaa na watu wenye hisa za kampuni za dawa, wakubwa kwa wadogo. Mmoja anataja wafadhili, mwingine anataja wagonjwa, na kikao kinakwisha hakuna aliyefungua kitabu cha hesabu. Nikupe hoja ya kupeleka mezani. Faida ya kiwanda kama hiki inaamuliwa na wanunuzi wachache sana, bei wanayokubali kulipa, na siku wanazokaa kabla ya kulipa. Mambo hayo matatu yakikaa sawa, kiwanda kitapata faida hata misaada ikipungua. Yakivurugika, kitapata hasara hata foleni za zahanati zikifika barabarani.

Wanachama wapya huenda hawajui mlinunua nini hasa. Kiwanda kilianza kama ubia wa wafanyabiashara wa Uganda, akiwemo Emmanuel Katongole, na kampuni ya Cipla ya India, na milango yake ilifunguliwa Luzira mwaka 2007. Kazi yake kubwa ni dawa za kufubaza VVU na dawa mseto za malaria, pamoja na dawa za homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani liliupitisha ubora wake, na hilo ndilo linaloruhusu wafadhili wa kimataifa kununua kwake. Novemba 2013 Cipla iliongeza asilimia 14.5 kwa dola milioni 15 ikawa na zaidi ya nusu ya kampuni. Septemba 2018 hisa zikaingia Soko la Hisa la Uganda kwa bei ya shilingi 256.5 za Uganda, asilimia 18 ya kampuni ikiwa imeuzwa kwa umma. Machi 2023 Cipla ikatangaza kuuza asilimia 51.18 zake zote kwa mfuko wa uwekezaji wa Africa Capitalworks, kwa dola kati ya milioni 25 na 30. Jina la Cipla likaondoka na kampuni ikarudi kuitwa Quality Chemical Industries.

Sasa chukua kikokotoo, maana ndani ya tarehe hizo kuna jambo ambalo wengi hawakulipigia hesabu. Kama asilimia 14.5 iliuzwa kwa dola milioni 15, kampuni nzima mwaka 2013 ilithaminiwa dola milioni 103 hivi. Mwaka 2018 hisa bilioni 3.65 kwa shilingi 256.5 zinakupa shilingi za Uganda bilioni 936, yaani karibu dola milioni 250 kwa viwango vya wakati ule. Mwaka 2023, bei ya Cipla inaiweka kampuni nzima kati ya dola milioni 49 na 59. Ukiirudisha kwenye hisa moja, ni shilingi 50 hadi 60 za Uganda. Mwenye nyumba, aliyeijua kila mashine na kila mteja, alikubali kuondoka kwa chini ya robo ya bei ambayo umma ulilipa miaka mitano nyuma. Chama chenu kisianze kuzungumza habari za misaada kabla hakijauliza ni nini kilitokea katikati ya 2018 na 2023, kwa sababu mfereji wa Marekani wakati huo ulikuwa wazi kabisa. Pesa za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zilikuwa zinakuja, wagonjwa walikuwepo, dawa zilikuwa zinatoka kiwandani. Na bado hesabu ziliingia kwenye hasara.

Jibu kubwa la swali hilo linaitwa Zambia. Serikali ya Zambia, kupitia wizara yake ya afya, ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa Luzira. Dawa zilitengenezwa, zikapakiwa, zikapelekwa, zikamezwa na watu wakapona au wakaishi. Malipo yakachelewa. Zambia yenyewe ilikuwa inazama kwenye madeni, na Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani zake za kimataifa. Serikali iliyoshindwa kumlipa mwekezaji wa London haiwezi kuwa na haraka ya kumlipa mtengenezaji wa vidonge wa Kampala. Kampuni ikalazimika kutenga mafungu ya hasara kwa ajili ya deni hilo, na mafungu hayo yakala faida.

Nataka mlielewe vizuri jinsi jambo hili linavyofanya kazi kwenye vitabu, kwa sababu ndipo wawekezaji wengi wa kampuni za dawa Afrika wanapopotelea. Kampuni inapopeleka mzigo na kutoa ankara, mauzo yanaandikwa siku hiyo hiyo, na faida inaandikwa pamoja nayo, hata kama hakuna hata senti iliyoingia benki. Ni kama duka linaloandika wateja kwenye daftari: kwenye daftari mwenye duka ni tajiri, kwenye droo hana hela ya kwenda kununua sukari. Tangu Januari 2018 kanuni za kimataifa za uhasibu zinaidai kampuni ikadirie mapema ni kiasi gani cha madeni yake hakitalipwa, na ikikate kwenye faida hata kabla mdaiwa hajatangaza kushindwa. Kanuni hiyo ni nzuri, inamlinda mwanahisa. Ila ina upande wa pili ambao lazima mweka hazina aujue: deni lililotengwa likija kulipwa baadaye, hata nusu yake, fungu lile linarudishwa na kuonekana kama faida ya mwaka huo. Mtu anayesoma mstari wa mwisho peke yake atasherehekea, kumbe kiwanda hakijauza zaidi wala hakijatengeneza kwa nafuu zaidi. Kimelipwa tu kazi ya zamani.

Ndiyo maana wenzako wanaosema "kampuni imerudi kwenye faida" wako sahihi, lakini wameishia nusu ya njia. Ni kweli kampuni imetoka kwenye hasara na imeonyesha faida. Kazi yako ni kuwaonyesha faida hiyo imetoka mfuko gani.

Kuna na gharama ya kusubiri, ambayo haionekani kwa macho. Nitumie namba za mfano tu. Kiwanda kinauza dawa za shilingi 100. Malighafi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka India na China na hulipwa kwa dola, inakula 65. Mishahara, umeme, maabara na uchakavu wa mitambo vinakula 25. Imebaki 10, asilimia kumi, na kwa dawa za zabuni hiyo si faida ya kudharau. Mnunuzi akilipa baada ya siku 60, sawa. Akikaa mwaka mzima, kiwanda kimekopa ile 90 benki ili kiendelee na uzalishaji. Kwa mkopo wa dola wa asilimia 9 kwa mwaka, riba ni shilingi 8.1. Faida ya 10 imebaki 1.9, na hakuna mtu aliyekosea kitu kiwandani. Kwa mkopo wa shilingi za Uganda, ambao mara nyingi huvuka asilimia 15, mauzo hayo yamegeuka hasara. Kwa hiyo mkisikia mkurugenzi anatangaza zabuni mpya na serikali fulani, msipige makofi mpaka mjue serikali hiyo hulipa baada ya siku ngapi.

Upande wenu unaosema ugonjwa haujaisha nina jambo la kuwaambia kuhusu bei, na naomba mlisikilize kwa utulivu kwa sababu linauma. Februari 2001, Cipla chini ya Yusuf Hamied ilijitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu za VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati kampuni zenye hataza (haki ya pekee ya kutengeneza dawa) zilikuwa zinauza kwa zaidi ya dola 10,000. Tangazo hilo liliokoa maisha ya mamilioni ya Waafrika na mimi sitalizungumza kamwe kwa namna nyingine. Lakini mteremko ulioanza siku ile haujasimama. Septemba 2017 yalitangazwa makubaliano ya kuuza kidonge kimoja cha kila siku, kile kinachounganisha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kwa dola 75 hivi kwa mwaka. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ukatangaza kuwa umekipata kwa chini ya dola 45.

Pigeni hesabu na Uganda. Ina takriban watu milioni 1.5 wanaoishi na VVU. Tuseme wote wanatibiwa, tuseme wote wanatumia kidonge hicho, na tuseme kiwanda cha Luzira ndicho kinachouza kila kopo. Kwa dola 45 soko lote lina thamani ya dola milioni 67.5 kwa mwaka. Kwa bei ya 2001, watu hao hao wangekuwa soko la dola milioni 525. Wagonjwa hawakupungua kwa kiwango hicho. Bei ndiyo iliyoporomoka, na iliporomoka kwa sababu wanunuzi walitaka hivyo, kwa haki kabisa. Mwekezaji anayesema "ugonjwa haujaisha" anataja ukweli wa kitabibu ambao hauna nguvu kubwa kwenye hesabu za faida. Na kwa bei hizo, mshindani si kiwanda cha jirani. Ni viwanda vya Hyderabad na kwingineko India vinavyozalisha kwa ajili ya dunia nzima, vingine vikitengeneza vyenyewe hata viambata hai, yaani kemikali zinazotibu ndani ya kidonge, hivyo faida ya senti moja kwa kidonge inavitosha.

Sasa tuje kwa Marekani, ambako upande wa kuuza umesimama. Januari 20, 2025 rais mpya alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Dawa za VVU za kuokoa maisha zilipewa msamaha ndani ya wiki chache, lakini zahanati nyingi zilishatikisika, wahudumu waliachishwa kazi, na Julai 1 mwaka huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Novemba 2025, kwenye harambee ya Mfuko wa Dunia iliyofanyika Johannesburg, ahadi zilifika dola bilioni 11.34 wakati lengo lilikuwa bilioni 18. Mzunguko uliotangulia zilikuwa bilioni 15.7. Haya si maneno ya mtaani. Pesa imepungua kweli.

Lakini kupungua kwa pesa za wafadhili hakumaanishi kwamba mgonjwa ataachwa bila kidonge. Serikali chache zitathubutu kuacha hilo litokee, kwa sababu mtu akiacha dawa virusi vinarudi, maambukizi yanapanda, na gharama ya kesho ni kubwa kuliko ya leo. Kinachotokea ni kwamba mzigo wa kulipa unahama: kutoka kwa mfadhili aliyekuwa analipa kwa dola na kwa ratiba, kwenda kwa hazina ya nchi ambayo ina walimu wa kulipa, barabara za kumalizia na hatifungani za kulipia riba. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na tangu siku hiyo nchi nyingi hazijafika hapo. Hii ndiyo hatari ninayoiona mimi kwenye hisa zenu. Hofu ya kukosa mauzo naiona ni ndogo kuliko hofu ya kuuza sana kwa wanunuzi wa aina ya Zambia ya 2020. Wenzako wanaotaka kuuza wana hoja nzito, ila wameisimamishia kwenye sababu isiyo yenyewe.

Kwa Uganda mnunuzi ni National Medical Stores, kwenu Kenya ni KEMSA, Tanzania ni Bohari ya Dawa. Yeyote aliyewahi kuuza bidhaa kwa bohari ya serikali yoyote ya ukanda huu anajua kwamba tarehe ya malipo kwenye mkataba na tarehe ya pesa kuingia ni mambo mawili.

Kuna habari njema, na ni za kweli. Janga la UVIKO-19 liliwaamsha viongozi na wafadhili kwamba bara haliwezi kungoja meli kila likiugua. Mwaka 2023 jirani zenu, Universal Corporation ya Kikuyu, walipata kibali cha Shirika la Afya Duniani kwa kidonge kile kile cha mseto wa tatu, na mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ukatangaza kununua kwao dawa za kupeleka Msumbiji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mfuko huo kununua dawa hiyo ya mstari wa kwanza, ile anayoanzishiwa mgonjwa, kutoka kiwanda cha Afrika, na mimi nilifurahi kama mtu wa ukanda huu. Kama mhesabu hisa, nilitazama pia ukubwa wa oda: inatosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Zidisha kwa dola 45, ni kama dola milioni 3.2. Ni mwanzo mzuri. Hauwezi kubeba kampuni yenye wanahisa wanaongoja gawio.

Tena mnakumbuka yaliyoikuta Aspen ya Afrika Kusini. Machi 2022 ilisaini na Johnson & Johnson mkataba wa kutengeneza na kuuza chanjo ya UVIKO-19 kwa jina lake kutoka kiwanda chake cha Gqeberha. Viongozi wakapongeza, bara likapongeza, na miezi ikapita bila oda hata moja. Mitambo ilikuwepo, kibali kilikuwepo, mnunuzi hakuwepo. Na Nigeria, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, tawi la GSK lililokuwa limeorodheshwa kwenye soko la hisa la Lagos lilitangaza kufunga shughuli Agosti 2023, baada ya kuhangaika muda mrefu kupata dola za kuagizia bidhaa. Wagonjwa walikuwepo wa kutosha.

Luzira ina jambo moja ambalo washindani wake wa Kenya hawana, na sioni likitajwa mara nyingi. Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi maskini zaidi zisilazimike kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Uganda imo kwenye kundi hilo, na Kenya haimo. Kisheria kiwanda cha Uganda kinaweza kutengeneza nakala ya dawa mpya bila kungoja hataza iishe, na kuuza kwa nchi za ukanda huu zilizo kundi hilo hilo, sheria zao zikiruhusu, kama Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia. Ni dirisha la thamani, lakini kutengeneza dawa mpya kunataka mtu mwenye fomula, data za majaribio na uzoefu. Zamani vyote hivyo vilitoka Cipla. Mwenye hisa nyingi sasa ni mfuko wa uwekezaji, ambao unajua fedha na usimamizi, na huenda ukaisimamia kampuni kwa ukali unaofaa kwenye kudai madeni, jambo ambalo binafsi naliona ni heri. Ila mfuko hautengenezi dawa. Swali la nani atakayeleta bidhaa mpya kiwandani, na kwa mkataba wa miaka mingapi, ndilo ningeliuliza la kwanza kwenye mkutano mkuu.

Kuhusu sindano mpya ya lenacapavir ambayo huenda vijana wa chama wameitaja: inachomwa mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya kinga, na toleo lake la bei nafuu limeahidiwa kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Leseni za kuitengeneza zilipewa kampuni sita mwaka 2024, na Luzira haimo. Ni habari njema mno kwa afya ya watu wetu, na itapunguza maambukizi mapya taratibu. Wanaotumia vidonge leo wataendelea navyo kwa miaka mingi, kwa hiyo msiuze kwa sababu hiyo.

Haya, kitabu cha hesabu. Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni na uanzie kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni, badala ya taarifa ya faida. Tafuta kiasi cha wadaiwa wa biashara, yaani pesa ambazo wateja hawajalipa, ukigawe kwa mauzo ya mwaka, kisha zidisha kwa 365. Hizo ndizo siku ambazo mteja wa wastani anakaa na pesa yenu. Fanya hivyo kwa miaka mitano na uziandike ubaoni, wanachama wote wazione. Zikiwa zinashuka, uongozi unadai vizuri. Zikiwa zinapanda huku mauzo nayo yanapanda, hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Halafu nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji, na ulinganishe na faida halisi. Kampuni inayotangaza faida mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu wakati fedha za uendeshaji ziko chini sana au hasi, faida yake bado iko kwenye ankara. Kisha fungua maelezo ya hesabu kule nyuma, sehemu ya hatari za mikopo. Hapo kampuni hueleza madeni yamekaa siku ngapi na mafungu ya hasara yameongezeka au yamerudishwa. Toa kiasi kilichorudishwa kwenye faida ya mwaka, ndipo mtaona kiwanda chenyewe kimezalisha nini. Mwisho angalia mauzo yamegawanyika vipi kwa wateja. Mteja mmoja akizidi theluthi ya mauzo, mnamiliki kipande cha uwezo wa kulipa wa mteja huyo, mpende msipende.

Kuna mambo mawili ya kwenu, yasiyohusu kiwanda. La kwanza ni sarafu. Mwaka 2018 shilingi moja ya Kenya ilinunua karibu shilingi 37 za Uganda, kwa hiyo kila hisa iliwagharimu kama shilingi 6.90 zenu. Mwanzoni mwa 2024 ilinunua kama 24 tu, na ilipopata nguvu tena ikarudi kwenye 28 hivi. Yaani shilingi ya Uganda imeimarika dhidi ya yenu, na sehemu ya pengo la bei mmelipunguza bila kujua. Fanyeni hesabu ya chama kwa shilingi za Kenya kabla hamjagombana kuhusu ukubwa wa hasara. La pili, soko la Kampala lina biashara ndogo. Siku nyingi hisa zinazobadilisha mikono ni chache, na chama kikiamua kuuza mzigo wote kwa pigo moja kinaweza kuishusha bei kwa mkono wake chenyewe. Mkiamua kuuza, mpeni dalali bei ya chini msiyoivuka na muda wa kutosha, muuze kidogo kidogo.

Umeniuliza kama faida ni ya kudumu na sitakukwepa. Naamini kiwanda hiki kitaendelea kuwepo, kwa sababu Uganda haina hamu ya kukipoteza, na naamini kinaweza kupata faida ya kawaida, ile ya kiwanda cha zabuni, asilimia chache juu ya mauzo katika miaka mizuri. Siamini kwamba bei ya 256.5 ilikuwa na msingi wa kutosha, na anayekaa na hisa akiingoja irudi anangoja dunia ambayo dawa za VVU zinapanda bei. Ningekuwa mwanachama wenu ningepiga kura ya kukaa na zilizopo na kutoongeza hata moja kwa pesa za michango ya mwaka huu. Kuongeza ningekufikiria tu baada ya kuona miaka miwili mfululizo ambayo fedha za uendeshaji zinalingana na faida, na orodha ya wateja imepanuka nje ya serikali mbili tatu.

Na wekeni mstari wa kuondoka kabla ya kikao kufungwa, uandikwe kwenye kumbukumbu. Mimi ningeweka siku 150 za wadaiwa. Taarifa ya mwaka ikitoka na hesabu yako ikavuka hapo, mpigie dalali wiki hiyo hiyo, hata kama ukurasa wa kwanza umetangaza faida kubwa kuliko ya mwaka uliopita.